Kistari kilichopotea chini ya s: kisa cha mkutano na mashindano ya umoja wa kwaya

Umoja wenyewe

Kisa hiki ni cha umoja wa kwaya za eneo moja la Kanda ya Ziwa, Tanzania. Jina la mji nimeliondoa, mwaka nimeuondoa, dhehebu pia. Kwaya tatu zinazohusika nimeziita kwa mahali zilikotoka: ya mjini, ya mlimani na ya wavuvi. Alama nimeziacha, kwa sababu bila alama hakuna cha kuchambua. Mimi nilikuwa karani wa alama, na kama utakavyoona, sikutoka humo nikiwa msafi kabisa.

Umoja ulikuwa na kwaya 14 na ulikutana kila baada ya miaka miwili, Ijumaa hadi Jumapili. Kulikuwa na mkutano mkuu wenye hesabu, katiba na uchaguzi, kisha mashindano, halafu Jumapili kwaya zote zilisimama pamoja na kuimba wimbo mmoja. Wazee walioanzisha umoja walikuwa wakisema wimbo huo wa pamoja ndio sababu ya kukutana, mashindano ni kachumbari tu. Vijana waliona kinyume chake. Safari hii zawadi ya kwanza ilikuwa kinanda kipya, na kwa kwaya inayoimba kwa sauti tupu na ngoma moja, kinanda si kachumbari.

Kila kwaya iliimba nyimbo mbili. Wa kwanza ni wimbo wa lazima, ambao kwaya zote hupewa nota zilezile miezi miwili kabla. Wa pili ni wimbo wa hiari, uliotungwa na mtu wa kwaya hiyo. Waimbaji wasizidi 40. Majaji walikuwa watatu, kila mmoja akiwa na alama 100 za kugawa: usahihi wa nota katika wimbo wa lazima 30, mlingano wa sauti 25, matamshi na ujumbe 20, mapigo na mwendo 15, mwonekano jukwaani 10. Kanuni ya ushindi ilikuwa sentensi moja: kwaya yenye jumla kubwa ya alama za majaji ndiyo mshindi. Hakuna aliyewahi kuitilia shaka sentensi hiyo, kwa kuwa miaka yote mshindi alikuwa mbali mno na wenzake.

Wimbo wa lazima unasambazwa

Kwaya zetu nyingi husoma nota za solfa, yaani herufi d, r, m, f, s, l, t badala ya vichwa vya nota kwenye mistari mitano. Mtindo huu uliendelezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyejenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na wamisionari wakaubeba hadi huku. Ulishika kwa sababu una faida kubwa: wimbo mzima wa sauti nne unaweza kuupiga chapa kwa mashine ya kawaida, bila karatasi maalumu. Una pia udhaifu mmoja. So ya kawaida na so ya chini zinaandikwa kwa herufi ileile, s. Kinachozitenganisha ni kistari kidogo chini ya herufi, chembamba kama ukucha wa mtoto. Kikiwa juu, nota inapanda oktavu, yaani ngazi nzima ya sauti hadi nota ya jina lilelile. Kikiwa chini, inashuka.

Katibu alichapa nakala na kuzipeleka kwa kwaya tisa ndani ya bahasha, nyingine kwa mkono na nyingine kwa makondakta wa mabasi. Kwaya tano zilikuwa mbali, na bahasha ya basi ingechukua siku na fedha. Alichukua fotokopi, akaiweka mezani, akapiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp. Wakati huo lilionekana jambo la busara, na mimi ningefanya vilevile.

Fotokopi ilikuwa imefifia. Kwenye kiitikio, mstari wa pili, besi, yaani wanaume wa sauti nzito, walitakiwa washuke kutoka d hadi l ya chini kisha s ya chini, halafu warudi nyumbani kwenye d. Katika picha vistari vya chini havikuonekana. Aliyesoma picha ile alikuta besi wanaruka juu, wanawapita tenori, wanaume wa sauti nyembamba, wanakaa kule juu wakihangaika, kisha wanateremka.

Mwalimu wa kwaya ya wavuvi alishtuka siku ya pili ya mazoezi. Akampigia katibu simu.

"Katibu, besi wangu wanapiga kelele, hawaimbi. Hii so ya kiitikio ni ya juu kweli?"

"Hapana, Mwalimu, ni ya chini. Kwenye karatasi ina kistari."

"Kwenye picha hakina."

"Basi weka, Mwalimu."

Akaweka. Katibu naye akaendelea na shughuli zake. Alikuwa anatafuta mapipa ya maji na godoro za wageni. Hakuandika ujumbe kwenye kundi la walimu. Kwaya nne nyingine zilizopokea picha zilibaki na besi walioruka juu, na mojawapo ilikuwa ya mlimani.

Baadaye sana nilimuuliza mmoja wa besi wa mlimani kama hawakuona kitu. "Tuliona," alisema. "Tulimwambia Mwalimu ni juu mno. Akatujibu kwamba mtunzi anajua kazi yake, nasi tufanye mazoezi." Mwalimu wao alikuwa mzee, mstaafu wa shule ya msingi, mtu ambaye karatasi ikishaandikwa kwake ni sheria. Wakafanya mazoezi miezi miwili. Wakafika na besi wanaoruka juu bila kutetereka hata kidogo.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa ilikuwa ya mapokezi. Coaster nne, Fuso mbili, wengine kwa boti. Madarasa ya shule ya msingi yakageuzwa mabweni. Mpangilio wa kuimba ulipigwa kura hadharani, vikaratasi ndani ya kofia, kila mwalimu akichota mwenyewe. Hapo palifanyika vizuri, na katika malalamiko yote yaliyofuata hakuna aliyegusa mpangilio.

Majaji wawili walilala nyumba ya wageni. Wa tatu alichelewa kuthibitisha, bajeti ikawa imekwisha, basi akalazwa nyumbani kwa mwenyekiti wa umoja. Mwenyekiti alikuwa amelelewa na kwaya ya mjini tangu akiwa mtoto. Kila mtu alilijua hilo. Uamuzi ule uliokoa bei ya chumba kwa siku mbili.

Jumamosi asubuhi ulikuwa mkutano mkuu. Hesabu zilipita, mwenyekiti akachaguliwa tena kwa kura nyingi, zikiwemo za wajumbe wa mlimani. Mchana mashindano yakaanza.

Kwaya ya mjini ilifika mlangoni na waimbaji 43. Waliambiwa watoe watatu, wakatoa, wakaingia. Mambo mengine yakienda hivyo, karani hana cha kuandika.

Kwaya ya mlimani iliimba ya sita. Sitawaeleza jinsi walivyoimba wimbo wao wa hiari. Nitasema tu kwamba mama aliyekuwa anauza karanga mlangoni aliingia ndani akiwa na ungo wake kichwani na akasahau kuutua. Katika wimbo wa lazima besi waliruka juu, kwenye beti zote tatu, wakiwa wamenyooka. Jaji wa tatu aliinama akaandika. Wawili wengine hawakuinama.

Kwaya ya mjini ilikuwa ya 11. Wimbo wao wa hiari ulitegemea kinanda. Katikati ya beti ya pili umeme ukakatika. Waliendelea kwa sauti tupu mistari michache, kisha sauti ya pili ikapotea na mwalimu wao akashusha mikono. Jenereta lilikuwepo. Petroli haikuwepo.

Hapa mwenyekiti wa majaji, ambaye ni jaji wa kwanza, alikuwa na dakika moja ya kuamua na ukumbi wa watu mia kadhaa ulikuwa unamtazama. Kanuni hazikusema lolote. Aliamua waimbe tena mwisho wa orodha, umeme ukirudi. Sababu yake ilikuwa kwamba kukatika kwa umeme si kosa la kwaya. Umeme ulirudi saa kumi na moja na nusu, wakaimba tena, na safari hii waliimba vizuri kuliko ya kwanza, kama mtu yeyote ambaye ameshatoa hofu yake. Majaji walijaza karatasi mpya. Zile za kwanza zilichanwa papo hapo, eti zisichanganye karani.

Usiku wa kujumlisha

Tulijumlisha kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu: mimi, katibu na mwenyekiti wa majaji, chai ya rangi, chapati zilizopoa, na kikokotoo chenye kitufe cha 7 kilichokuwa kinakwama. Hizi ndizo alama za kwaya tatu za juu, kwa mpangilio wa jaji wa kwanza, wa pili na wa tatu:

Kwaya ya mjini: 79, 78, 88. Jumla 245.
Kwaya ya wavuvi: 82, 81, 80. Jumla 243.
Kwaya ya mlimani: 84, 83, 66. Jumla 233.

Nilizitazama mara mbili. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa wameweka mlimani nafasi ya kwanza. Hao hao walikuwa wameweka mjini nafasi ya nne na ya tano. Jaji wa tatu aliweka mjini ya kwanza na mlimani ya sita. Sauti ya mtu mmoja ilikuwa imezifunika sauti za wawili.

Nilimwonyesha katibu. "Kaka," akaniambia, "kanuni inasema jumla. Wewe jumlisha." Mwenyekiti wa majaji alikuwa amesinzia kitini. Nilijumlisha tena, ikaja ileile, nikaandika kwa peni nyekundu na kusaini. Karatasi za maoni za majaji, ambamo kila jaji alikuwa ameeleza alichosikia, nilizifunga kwa raba na kuziweka chini ya bahasha. Sikuzisoma. Kazi yangu ilikuwa namba.

Jumapili

Matokeo yalitangazwa baada ya ibada: nafasi na jina la kwaya, basi. Bila alama, bila maoni. Upande wa mjini vigelegele vilipaa. Upande wa mlimani palikuwa kimya. Mzee mwalimu alikunja karatasi yake ya nota mara nne, akaitia mfuko wa shati, akawaangalia watu wake na kutikisa kichwa kuelekea mlango.

Wimbo wa pamoja uliimbwa na kwaya 13. Fuso ya mlimani iliondoka kabla ya chakula, na pilau la watu 40 likaliwa na watoto wa mtaa, ambao pengine ndio pekee waliofurahi bila kinyongo siku hiyo.

Kabla jua halijazama maneno yalishajipanga. Jaji wa tatu kalala kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtoto wa kwaya ya mjini. Mjini wamepewa nafasi mbili za kuimba. Karatasi za kwanza zimechanwa. Kura zetu wamechukua asubuhi, jioni wametugeuka. Kila kipande cha hadithi hiyo kilikuwa kweli. Hadithi yenyewe ilikuwa uongo.

Rufaa

Barua ya mlimani ilifika baada ya siku tisa, kurasa mbili za mwandiko wa mkono ulionyooka kama wa ubaoni. Haikumtukana mtu. Iliuliza maswali manne, la kwanza likiwa: "Je, tulikosea wapi?"

Kanuni hazikuwa na kipengele cha rufaa. Kamati ya utendaji iliteua watu watatu, mmoja wao mwalimu wa wavuvi, nami nikaitwa nilete bahasha. Tulitoa raba na kwa mara ya kwanza tukasoma maoni. Jaji wa tatu alikuwa ameandika: "Kiitikio, mstari wa pili, besi wako juu ya tenori. Beti zote. Si kama ilivyoandikwa." Katika usahihi wa nota aliwapa 9 kati ya 30. Majaji wengine walitoa 25 na 24.

Mwalimu wa wavuvi aliisoma, akakaa kimya, kisha akasema, "Ah. Hii ni ile so." Akatoa simu, akatafuta picha ya miezi mitatu nyuma, akaiweka mezani kando ya nakala iliyochapwa. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kamati ilikuwa na njia nne. Kuacha matokeo yalivyo. Kufuta alama za usahihi wa nota kwa kwaya zote na kuhesabu 70 zilizobaki. Nilipiga hesabu hapo hapo, mlimani 175, mjini 169, wavuvi 165. Kutangaza washindi wawili. Au kuitisha kwaya zirudie. Ya mwisho ilikufa mapema kwa sababu ya nauli. Ya pili ilikataliwa kwa hoja ambayo bado naiona nzito: mjini waliimba nota sahihi, na si haki kumnyang'anya mtu alichopata kwa sababu jirani yake alipewa karatasi mbovu. Ya tatu ilikosa kura moja. Mimi sikuwa na kura, ila ningeipigia hiyo.

Matokeo yakabaki. Kwaya nne zilizoathirika zilirudishiwa ada ya ushiriki na kuandikiwa barua ya kuomba radhi iliyotaja "hitilafu ya kiufundi katika usambazaji". Barua ile ilichoma kuliko ushinde wenyewe. Mzee wa mlimani alimwambia mjumbe aliyeipeleka: "Mwanangu, hitilafu ina mikono. Mikono ya nani?"

Uchambuzi: jaji wa tatu

Nianze na yeye, kwa kuwa ndiye aliyebebeshwa mzigo. Kati ya majaji wote, yeye peke yake alifanya kile karatasi ilichomtaka afanye. Alikuwa na nota mezani, akafuata kwa kidole, akasikia besi wako mahali pasipoandikwa, akaandika. Hakujua kwamba kuna nakala mbili za wimbo mmoja. Hakuna aliyemwambia.

Wale wawili walisikiliza kwa sikio la kawaida, na sikio la kawaida husamehe oktavu. So ni so. Ikiimbwa juu au chini bado ni ya kodi ileile, yaani mkusanyiko uleule wa sauti zinazopatana, haikwaruzi kama fa iliyoteleza. Unaweza kuisikiliza beti zote tatu ukahisi tu kwamba kuna wembamba fulani chini, kama nyumba isiyo na msingi, bila kujua ni nini. Kwa hiyo tofauti ya majaji haikuwa ya upendeleo. Mmoja alikuwa anahukumu karatasi, wawili walikuwa wanahukumu sauti, na fomu haikuwaambia wahukumu lipi.

Angewapa mlimani 25 kama mwenzake, angetoa 82 badala ya 66, na jumla yao ingekuwa 249. Kistari kimoja, basi, kilibeba kinanda.

Uchambuzi: hesabu

Hili ndilo ninalotaka walimu wenzangu walikalie, hata wasiposoma kingine. Chukua alama zilezile tisa za usiku ule.

Ukijumlisha, mshindi ni mjini, 245.

Ukitazama nafasi ambayo kila jaji aliipa kwaya, kisha ukajumlisha nafasi, ndogo ikishinda, unapata wavuvi 2, 2, 3, jumla 7. Mlimani 1, 1, 6, jumla 8. Mjini 4, 5, 1, jumla 10. Mshindi ni wavuvi.

Ukitupa alama ya juu na ya chini ya kila kwaya na kubaki na ya katikati, mlimani wana 83, wavuvi 81, mjini 79. Mshindi ni mlimani.

Njia tatu, washindi watatu, na hakuna aliyeiba hata alama moja. Jaji wa kwanza, kwa kwaya zote 14, alitoa kati ya 74 na 84. Wa pili kati ya 72 na 83. Wa tatu alitoa kati ya 48 na 88. Jaji anayetawanya alama kwa upana wa 40 ana nguvu mara nne ya yule anayezibana ndani ya 10, ingawa kila mmoja ana karatasi moja tu. Katika jumla, mkarimu asiyetofautisha hana kura. Majaji wengi wa kwaya zetu ni wapole, wanaogopa kumvunja mtu moyo, wanampa kila mtu themanini na kitu. Hawajui kwamba kwa upole huo wamemkabidhi mwenzao mashindano yote.

Sisemi kwamba nafasi ni bora kuliko jumla. Nafasi nazo zina ugonjwa wao: hazijui kama aliyekushinda amekushinda kwa nusu alama au kwa 20, na kwaya dhaifu ikijitoa dakika ya mwisho inaweza kuwabadilishia wa juu mpangilio. Kubaki na alama ya katikati nako, ukiwa na majaji watatu, maana yake ni kuamini mtu mmoja kwa kila kwaya. Njia hiyo inataka majaji watano, na watano ni nauli tano na vitanda vitano. Umoja wowote unaweza kuchagua njia yoyote. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukuwa tumechagua. Tulirithi neno "jumla" kama watu wanavyorithi sufuria.

Kuna tiba moja isiyo na gharama. Kwaya isiyoshindana iimbe kwanza, majaji waijaze fomu, kisha wakae dakika kumi walinganishe: wewe umetoa 60, mimi 82, tunasikia nini tofauti? Katika mashindano ya kimataifa ya Barbershop Harmony Society, chama cha waimbaji wa sauti nne kilichoanzishwa Tulsa, Marekani, mwaka 1938, kundi lisiloshindana huimba la kwanza kujaribu vipaza sauti. Sisi tulikuwa na kwaya ya watoto iliyokuwa imekaa mstari wa mbele tangu asubuhi, ina hamu ya kuimba, na hatukuipa nafasi.

Uchambuzi: maamuzi mengine

Kuwarudisha mjini jukwaani ulikuwa uamuzi sahihi uliofanywa vibaya. Jaji alipaswa kusema kwa sauti, kabla hawajaimba tena, ni karatasi zipi zitahesabiwa, na za kwanza zikatunzwa. Karatasi iliyochanwa hata ikiwa haina kitu watu huijaza wenyewe. Tena mlimani, wasio na kinanda, walikuwa na haki ya kuona kwamba wenye vifaa wamepewa bahati ya pili. Lita tano za petroli zingemaliza mjadala.

Kumlaza jaji kwa mwenyekiti sina la kulitetea. Najua bei ya chumba kile. Tulilipa zaidi.

Uchaguzi kufanyika asubuhi ya siku ya mashindano ulionekana unaokoa muda, na uliokoa. Lakini mtu aliyempa mwenzake kura saa tatu anategemea, hata asipokiri, heshima fulani saa kumi.

Kutotoa maoni ya majaji hadharani kulitugharimu kuliko yote. Katika Kenya Music Festival, ambalo limekuwepo tangu 1927, mwamuzi husimama mbele ya washiriki na kueleza alichosikia. Inauma, lakini ni dawa. Laiti Jumapili ile mtu angesoma "besi wako juu ya tenori", mzee wa mlimani angeinuka, angetoa karatasi yake mfukoni, na kabla pilau halijapoa tungekuwa tumeuona ukweli. Yalikuwa maandishi ya mstari mmoja, na yalikuwa chini ya bahasha yangu.

Hilo ni langu. Usiku ule niliona jaji mmoja amewazidi wawili na nikajiambia kazi yangu ni kujumlisha. Karani haamui, ni kweli. Lakini karani anaweza kumwamsha mwenyekiti wa majaji aliyesinzia, akamwambia, "Mzee, samahani, hebu tazama hapa." Sikumwamsha kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kulala.

Watu wa pwani walishindana kwa beni, ngoma za kuiga bendi za kijeshi, tangu enzi za ukoloni, kikundi cha Marini dhidi ya Arinoti, na kushindana kwenyewe ndiko kulikokuwa ladha. Kwa hiyo sikubaliani na wale waliosema baada ya hapa kwamba mashindano yafutwe, tubaki na wimbo wa pamoja. Kwaya ya wavuvi isingepiga simu ile kama hakukuwa na cha kupoteza.

Miaka miwili baadaye

Kanuni ziliandikwa upya kwa kurasa tatu. Nota zinachapwa na kupelekwa kwa mkono, na swali lolote la mwalimu mmoja linajibiwa kwa wote. Majaji wote wanalala nyumba ya wageni. Uchaguzi ni Ijumaa. Maoni yanasomwa. Rufaa inapokelewa ndani ya saa 24, kwa maandishi, bila ada. Katika hesabu tulibishana miezi, tukaishia kwenye nafasi, na jumla ikitumika tu pale kwaya zinapofungana.

Mlimani hawakuja mkutano uliofuata. Walituma wazee wawili, wakakaa nyuma kabisa siku zote tatu, wakala, wakashukuru, wakaondoka. Baadhi ya vijana wao walishahamia kwaya nyingine.

Mwaka huu, wiki moja baada ya nota kupelekwa, nilipata ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua. Ilikuwa picha ya kipande cha karatasi, kidole cha mtu mzima kikielekeza herufi moja kwenye mstari wa besi, na maneno: "Karani, hiki chini ya s ni kistari au ni vumbi?"

Nilienda ofisini kuangalia nakala ya kwanza. Lilikuwa vumbi. Nikawajibu walimu wote 14.